Wa Mwisho Kusema

Juni 1949, katika uwanja wa mikutano wa mji wa Serowe, Botswana ya leo, Seretse Khama aliwataka maelfu ya wanaume wa kabila lake la Bangwato wamjibu kwa miguu yao. Wasiomtaka yeye na mkewe wasimame. Wakasimama watu kama 40, wakiwemo vigogo wa ukoo wake mwenyewe. Kisha akaomba wasimame wanaowakubali. Uwanja ukainuka, na kelele za "Pula!", salamu ya Watswana ya kuombeana mvua na heri, hazikukoma upesi.

Kisa chenyewe kinajulikana, ingawa kwa kawaida husimuliwa kama hadithi ya mapenzi. Seretse alikuwa mrithi wa uchifu. Baba yake alifariki yeye akiwa mtoto mdogo, na ami yake, Tshekedi Khama, akamshikia kiti kwa zaidi ya miaka 20. Alipokuwa London akisomea sheria, Septemba 1948, alimwoa Mwingereza, Ruth Williams, karani wa ofisi ya bima. Hakumwuliza mtu. Hasira ya Tshekedi ilianzia hapo: mke wa chifu ni mama wa kabila, na kabila lina haki ya kuulizwa. Hoja hiyo haikuwa ya kupuuzwa, na mkutano wa kwanza, Novemba 1948, ulimwelemea Seretse vibaya. Wa pili ulifanyika Desemba, mambo bado. Ni katika ule wa tatu ndipo upepo ulipogeuka.

Mimi kinachonivuta katika kisa hiki ni hiyo mikutano mitatu kuliko ndoa. Jambo lile lile, mbele ya watu wale wale, ndani ya miezi saba. Katikati ya mikutano watu walirudi majumbani, wakalala na neno, wakazungumza na wake zao, wakaanza kushuku kwamba huenda ami anakitaka kiti kwa ajili yake mwenyewe. Walioshika msimamo mkali Novemba walipata nafasi ya kuuacha Juni bila kuaibishwa. Jamii nyingi humsikiliza mtu mara moja tu, zikamfunga kwa alichosema siku hiyo hadi anaingia kaburini.

Mahali penyewe panaitwa kgotla. Ni ua wa nusu duara wa magogo yaliyosimikwa, jirani na zizi la ng'ombe la chifu, na watu huja na vigoda vyao. Chifu hulitaja jambo, halafu hunyamaza. Wanasema ami zake, ndugu zake, wakuu wa mitaa, kisha yeyote mwenye neno. Yeye husema mwisho, na atakalosema linatazamiwa lifanane na alichokisikia. Chifu aliyezoea kuwapuuza watu wake alijua wanaweza kufunga mizigo wakahamia kwingine, na historia ya Watswana imejaa makabila yaliyozaliwa kwa mtindo huo wa kuhama. Methali yao inasema maneno yote ya kgotla ni mazuri. Maana yake ni kinga: hata ukitoa upuuzi, hata ukimrushia chifu dongo, neno hilo halikufuati hadi nyumbani.

Tusipambe. Ami wa chifu akishasema, mtu wa kawaida hupima maneno yake mara mbili, na kusema mwisho kuna faida yake pia, maana hakuna wa kukujibu. Hata hivyo, kati ya taratibu zote za mamlaka ninazozifahamu, chache zinamlazimisha mkubwa anyamaze kwanza. Katika mikutano yetu mgeni rasmi husifiwa kwa risala, huhutubia, hupigiwa picha, kisha huondoka "kwa sababu ya majukumu mengine" kabla ya maswali.

Waingereza waliokuwa wakiitawala Bechuanaland, kama Botswana ilivyoitwa wakati huo, waliyaona matokeo ya Juni 1949 na hawakuyakubali. Afrika Kusini, iliyokuwa imeanza siasa yake ya ubaguzi, haikutaka chifu mweusi mwenye mke mweupe mpakani mwake, na Uingereza ilihitaji dhahabu na urani ya Afrika Kusini. Seretse aliitwa London mapema 1950 kana kwamba ni kwa mashauriano, akazuiliwa kurudi kutawala. Machi mwaka huo Sir Evelyn Baring, Kamishna Mkuu wa Uingereza, akaitisha kgotla Serowe ili awatangazie Bangwato uamuzi huo. Alifika na sare zake rasmi. Uwanja ulikuwa mtupu. Bangwato walielewa jambo ambalo yeye hakulielewa, kwamba mahali pa kusikilizana hapageuzwi mahali pa kutangaziwa, basi wakakaa majumbani. Miaka miwili baadaye Baring huyo huyo alipelekwa Kenya kuwa gavana, na Oktoba 1952 akatangaza hali ya hatari. Sidhani ni haki kumbebesha mtu mmoja dhambi za himaya nzima, lakini wasifu wake unafundisha.

Naleta kgotla mbele kwa sababu tumezoea kuzungumzia kusikilizana kama tabia njema, jambo la moyo mlaini na subira. Nasaha za namna hiyo hazijengi jamii. Kinachojenga ni kanuni kavu: nani anakaa wapi, nani anaanza, nani anamaliza, uamuzi unamfunga nani. Na kanuni hizo zina mlango. Ukizilinganisha jamii zilizosifiwa kwa kusikilizana utaona kwamba kila moja ilifanikiwa sana kwa waliokwisha kuketi ndani, na kwamba mtihani wake wa kweli ulitoka kwa aliyebaki nje.

Chukua Marafiki, madhehebu ya Kikristo yaliyozaliwa Uingereza katika karne ya 17, ambayo wengi huyajua kwa jina la Quaker. Afrika Mashariki si wageni. Kenya ndiyo nchi yenye Marafiki wengi kuliko nyingine yoyote duniani, tangu misheni yao ilipofunguliwa Kaimosi mwaka 1902, na kabla ya hapo walikuwa wamefika Pemba, mwaka 1897, kuwashughulikia watumwa walioachwa huru baada ya amri ya Sultani ya mwaka huo. Ajabu ni kwamba Rafiki wa Kaimosi akienda ibada ya mtindo wa zamani ya Marafiki wa Philadelphia anaweza kudhani amekosea mlango. Kwao Kaimosi kuna mchungaji, nyimbo na mahubiri. Kule watu huketi kimya kwa saa nzima, na anayehisi ana neno huinuka akalisema, kisha kimya kinarudi.

Kimya hicho hutumika pia kuamulia mambo. Hawapigi kura. Karani wa mkutano huwasikiliza wote, akaona mkutano umeelekea wapi, akaandika azimio papo hapo na kulisoma kwa sauti. Asiyeridhika hulisema hapo hapo, na linaandikwa upya au linaahirishwa. Kinadharia wachache hawawezi kumezwa na wengi, kwa kuwa hakuna hesabu ya kuwameza. Tofauti na kgotla, hakuna chifu. Karani si mkubwa wa mtu. Nikilazimishwa kuchagua utaratibu wa kuendeshea chama cha watu 30 wanaoaminiana, ningechagua huu.

Sasa uone ulivyofanya kazi penye jambo zito. Mwaka 1688, katika kijiji cha Germantown karibu na Philadelphia, wanaume wanne waliandika waraka wakiwauliza Marafiki wenzao: mtu anayejiita Mkristo anamnunuaje mwenzake? Mkutano wa mwezi ukasema jambo ni zito mno, ukaupeleka mkutano wa robo mwaka. Huo nao ukasema ni zito mno, ukaupeleka mkutano wa mwaka. Mkutano wa mwaka ukaona si wakati wake. Waraka ukawekwa. Ilipofika 1776 ndipo mkutano huo wa Philadelphia ulipoamua kwamba anayeng'ang'ania watumwa hawezi kuendelea kuwa mwanachama. Kati ya waraka na uamuzi ni miaka 88. Mtoto aliyezaliwa utumwani mwaka wa waraka ule angeweza kuzeeka na kufa mtumwa, huku mabwana zake wakisubiri kwa uchaji roho za wote zikubaliane.

Watetezi wa utaratibu huu humtaja John Woolman, na wana sababu. Akiwa kijana dukani, bosi wake alimwagiza aandike hati ya kumuuza mwanamke mweusi. Aliiandika, na dhamiri haikumwacha tena. Alikuja kuwa fundi cherehani, na kwa miaka mingi alisafiri nyumba kwa nyumba miongoni mwa Marafiki wenye watumwa. Hakuwakemea hadharani. Alikula nao, akalala kwao, akasikiliza visingizio vyao hadi mwisho: kwamba watumwa wamewarithi, kwamba wakiwaachia watakufa njaa, kwamba Waafrika walishauzana wenyewe. Asubuhi, kabla ya kuondoka, alitoa vipande vidogo vya fedha awalipe watumwa waliomhudumia. Hebu fikiria uso wa mwenyeji. Mgeni amekuwa mpole usiku kucha, hajagomba na mtu, na sasa anamlipa ujira mtu ambaye wewe humlipi, mbele yako, chini ya paa lako. Usikivu wa Woolman ulikuwa na makali hayo, na sidhani kuna aliyeuelewa vizuri asipoziona zile fedha.

Ila kulikuwa na Benjamin Lay pia. Huyu alikuwa mfupi, mwenye kibiongo, aliyekuwa baharia na aliyeuona utumwa wa Barbados kwa macho yake. Mwaka 1738 aliingia katika mkutano wa mwaka wa Marafiki huko Burlington, New Jersey, amevaa koti kubwa. Chini ya koti alificha upanga, na kitabu kilichotobolewa ndani na kutiwa kibofu chenye maji mekundu ya matunda. Alisimama, akalaani wenye watumwa, akakichoma kitabu kwa upanga, na "damu" ikawarukia waliokuwa karibu. Alitolewa nje, na uanachama wake ukakanwa. Miaka 20 baadaye, mwaka 1758, mkutano wa mwaka ulipoanza kuwabana wafanyabiashara ya watumwa, Lay alikuwa mzee na bado si mwanachama.

Nani aliwabadilisha Marafiki, Woolman au Lay? Vitabu vya heshima vinampa Woolman. Mimi nashuku kwamba Woolman alifunguliwa milango kwa sababu Lay alikuwa ametangulia kuigonga kwa nguvu, na mwenye nyumba akashukuru kupata mgeni mstaarabu. Jamii inayojisifu kwa usikivu humpenda mpinzani mwenye adabu, na mara nyingi humfukuza yule aliyefanya adabu ya mwenzake iwe na thamani.

Zanzibar haina kgotla wala kimya cha Marafiki. Ina baraza: ukumbi wa jiwe nje ya mlango, upana wa kutosha mtu kukunja mguu mmoja. Jioni baada ya alasiri muuza kahawa anapita na dele lake la shaba, makaa chini, vikombe vikigongana mkononi. Anayefika hutoa salamu kwa wote, na waliokaa husogea bila kuambiwa. Mmoja ana gazeti, anasoma kwa sauti. Mwingine anabisha kabla kichwa cha habari hakijaisha. Mpira, bei ya karafuu, nani kapewa cheo, nani kaoa. Hakuna mwenyekiti, hakuna azimio, na adhana ya magharibi ikilia mjadala unakatika ulipofikia, utaendelea kesho au usiendelee. Kwa sababu hakuna kinachoamuliwa, hakuna anayeshindwa, na ndiyo maana watu wanaweza kubishana barazani miaka 40 na bado wakazikana.

Udhaifu wa baraza ulikuwa umejificha katika sifa hiyo hiyo. Vyama vingi viliporudi na uchaguzi wa 1995 ukamalizika kwa Salmin Amour wa chama tawala, CCM, kutangazwa mshindi kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8 za Seif Sharif Hamad (Maalim Seif) wa chama cha upinzani, CUF, baraza halikuwa na la kufanya. Watu waligawana sehemu za kukaa. Wa CCM wakawa na maskani zao, ile ya Kisonge pale Michenzani ikijulikana kwa ubao wake wa maneno ya kashfa. Wa CUF wakawa na vijiwe vyao, Jaws Corner ukiwa maarufu kuliko vyote. Kahawa ile ile, mazungumzo ya upande mmoja. Ilifika mahali watu wakasusiana maduka, harusi na hata maziko, jambo ambalo kwa Mzanzibari ni kama kukana ubinadamu. Januari 2001 maandamano yalizimwa kwa risasi, watu wakafa, na zaidi ya 2,000 wakavuka bahari hadi Shimoni, Kenya, wakawa wakimbizi. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ikawa imewatoa.

Muafaka wa kwanza ulisainiwa 1999, wa pili 2001, yote miwili ikiwa na vipengele, mashahidi na wapatanishi. Yote miwili ilivunjika. Kilichofanikiwa, angalau kwa muda, kilikuwa na karatasi chache zaidi. Novemba 5, 2009 Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif walikutana Ikulu, wao kwa wao, na walichozungumza kilibaki kati yao. Kisha jambo likapelekwa kwa watu: Julai 31, 2010 wananchi waliulizwa kwa kura ya maoni kama wanataka serikali ya umoja wa kitaifa, na asilimia 66.4 wakasema ndiyo. Uchaguzi wa mwaka huo ulikuwa wa kubanana kama ule wa 1995, Dk. Ali Mohamed Shein akipata asilimia 50.1, lakini safari hii Maalim Seif aliyakubali matokeo na akaapishwa Makamu wa Kwanza wa Rais. Watu walirudi kuzikana.

Hapo Zanzibar ilikuwa imepata, bila kuiga, kitu kinachofanana na Serowe: wakubwa waliokubali kuulizwa swali ambalo jibu lake lingewafunga. Baraza peke yake halikuweza hilo. Na ilidumu kadiri watu walivyoendelea kufungwa na jibu. Oktoba 28, 2015 mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi aliyafuta matokeo, uchaguzi ukarudiwa Machi 2016, na CUF ikaususia. Bangwato wangelielewa tendo hilo bila mkalimani. Wakati huo kulikuwa na wazee waliokuwa wamekwisha kulipa gharama ya kukaa katikati. Hassan Nassor Moyo, mwanamapinduzi wa 1964 aliyeongoza kamati ya maridhiano, alivuliwa uanachama wa CCM mwaka 2015 kwa maoni yake juu ya Muungano. Hakuwa na upanga wala kibofu cha rangi nyekundu. Alikuwa mpole kama Woolman, na bado akatolewa.

Nimesema kila utaratibu una mlango. Wa kgotla uliwafungia nje wanawake. Kwa desturi hawakusema humo. Mawazo yao yaliingia kwa vinywa vya waume na ndugu zao, kama yalivyoingia katika ile mikutano mitatu ya Serowe. Baraza letu ni vivyo hivyo, na tusijifanye hatuoni: ukumbi wa mbele ni wa wanaume, mwanamke hupita na kanga yake, na pengine maandishi ya kanga ndiyo hotuba anayoruhusiwa. Wanawake wana vikao vyao, harusini, misibani, kwenye michezo ya kupeana fedha, na huko wanasikilizana pengine kuliko sisi. Ila maamuzi ya mji hayapiti huko.

Mwanasheria Unity Dow wa Botswana hakusubiri mlango ufunguliwe. Sheria ya uraia ya nchi yake ilimnyima mwanamke aliyeolewa na mgeni haki ya kuwarithisha watoto uraia, huku mwanamume akiruhusiwa. Alikwenda mahakamani, akashinda, na rufaa ya serikali ikatupwa mwaka 1992. Nchi ile ile ambayo rais wake wa kwanza alikuwa Seretse, iliyojivunia demokrasia ya kgotla, ilisikilizishwa na mwanamke mmoja kwa amri ya mahakama. Miaka kumi baadaye Balete wa Ramotswa walimkubali Mosadi Seboko kuwa chifu wao mkuu, na mwanamke akawa wa mwisho kusema katika kgotla.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Basarwa, wawindaji wa Kalahari, ambao kwa vizazi vingi walikuwa watumishi wa Watswana na hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye neno. Mwaka 1997, na tena 2002, serikali iliwahamisha kutoka Hifadhi ya Kalahari ya Kati. Ilisisitiza kwamba iliwashauri, kwamba mikutano ilifanyika na maelezo yakatolewa. Kwa hesabu ya vikao, huenda ni kweli. Ila kushauriwa na serikali ambayo tayari imeamua kufunga kisima chako ni kgotla ya Baring iliyojaa watu.

Kesi yao ilichukua zaidi ya miaka miwili mbele ya majaji watatu, na mahakama ilitoka mjini ikaenda hadi hifadhini kujionea yenyewe. Hukumu ilisomwa Desemba 13, 2006. Wote watatu walikubali kwamba Basarwa walikuwa wakiishi hapo kihalali, na wawili kati yao kwamba waliondolewa bila ridhaa yao. Mmoja wa hao wawili alikuwa Unity Dow, wakati huo akiwa jaji. Mahakama iliwapa haki ya kurudi, ila haikuilazimisha serikali iwarudishie huduma, maji yakiwemo. Wakarudi baadhi yao kwenye mchanga mkavu, na ikabidi wafungue kesi nyingine. Mpaka Januari 2011 ndipo Mahakama ya Rufaa ilipowaruhusu kukitumia tena, kwa gharama yao wenyewe, kisima cha Mothomelo.